UZI: Ukame huu, moto ukija utaingia nyumbani kwa cheche. Tusafishe sasa hivi

Majivu (mleta uzi)

Wadau habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie maana hili jambo limenikaa kifuani. Ukame umeshakolea, nyasi ukizikanyaga zinapasuka kama biskuti, na kila nikisoma michango ya watu kuhusu moto wa nyika naona karibu wote tuna picha moja kichwani: ukuta wa moto unashuka mlimani, unaikumba nyumba, na we umesimama na mpira wa maji unausubiri. Picha hiyo ndo inatuponza. Nyumba nyingi zinazoteketea kwenye mioto hii zinawashwa na cheche, na nyingine zinaanza kuwaka wakati ule ukuta wa moto uko mbali bado au umeshapita zake.

Nimejitolea misimu kadhaa kwenye timu ya kuzima moto wa nyika. Kuna siku moto ulikuja ukaishia barabarani, nyumba ya karibu ilikuwa kama mita mia tatu kutoka pale. Tukaizunguka ile nyumba, hakuna hata kichaka kilichoungua, wenye nyumba wamekaa nje wanamshukuru Mungu, sisi tukahamia upande mwingine. Masaa mawili baadae tunaitwa, moshi unatoka kwenye kona ya paa. Kumbe cheche ilidondoka kwenye gata, na mle ndani kulikuwa na majani makavu ya msimu mzima, ikafuka polepole bila mtu kuona mpaka ikapata upenyo chini ya mabati ikaingia kwenye dari. Moto ukishaingia darini hiyo nyumba hesabu imekwenda. Tulisimama pale tunamwaga maji na yule mama ananiuliza mimi "si mlisema umeisha?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikiona gata lina majani mkono unaniwasha nipande nikatoe.

Sasa kwanini nasema ukame huu ni habari nyingine. Mwaka wa kawaida msituni kunakuwa na vitu vinavyowaka na vitu visivyowaka. Watu wa moto wanagawa kuni za ardhini kwa muda zinaotumia kufuata hali ya hewa: nyasi na vijiti vyembamba ni vya saa moja, yaani hewa ikikauka saa hii navyo vinakuwa vimekauka ndani ya saa hilohilo, vijiti vya unene wa kidole ni vya masaa kumi, halafu kuna magogo yenye unene wa sentimita nane na kuendelea, hayo ni ya masaa elfu moja, kama siku 42 hivi. Kwahiyo wiki mbili za jua kali zinakausha nyasi tu, gogo ndani bado lina maji na linasaidia kuupunguzia moto kasi. Ukame wa miezi unakausha mpaka gogo. Linaweza kuwa kavu kuliko mbao zilizokaushwa kwenye tanuru, na miti iliyo hai nayo inapungukiwa maji kwenye majani, na ile mboji chini ya miti inageuka kuwa kuni. Hapo msitu wote unakuwa upande mmoja, upande wa moto. Na usiku ambao zamani moto ulikuwa unalala kwa sababu ya umande, hewa ikiwa kavu hivi haulali, unaendelea kula.

Gogo likiwaka lote ndo linazalisha cheche nyingi na nzito. Gome la mti likiwa linawaka linanyanyuliwa na joto juu kabisa, upepo unalibeba. Kule Victoria Australia tarehe 7 Februari 2009, siku Melbourne ilifika nyuzi 46.4, cheche zilirushwa kilomita nyingi mbele ya moto wenyewe na kuanzisha mioto mipya. Watu 173 walifariki. Walikuwa wametoka kwenye ukame wa miaka mingi, halafu wiki iliyotangulia likapita joto kali likakausha hata kile kidogo kilichobaki.

Ombi langu kwenu ni moja tu. Kabla ya kununua pampu, kabla ya kufyeka msitu mzima, zunguka nyumba yako na uangalie mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani. Kila kitu kinachoweza kuwaka hapo ondoa. Majani, kuni, mafagio, viti vya plastiki, zulia la mlangoni, maua yaliyokauka kwenye vyungu, maboksi. Halafu panda juu usafishe gata na zile kona za paa ambapo majani yanajikusanya. Upepo unapeleka cheche palepale ulipopeleka majani, hilo liweke kichwani.

Nyasi Kavu

Mkuu asante kwa uzi ila hapo kwenye mita moja na nusu naona kama unatupunguzia kazi kupita kiasi. Moto mkubwa joto lake tu linakuchoma ukiwa mbali, mi mwenyewe nimewahi kushindwa kusogea karibu na moto wa shamba. Mi naona bora kukata miti yote mita mia kila upande tulale kwa amani.

Majivu (mleta uzi)

Nyasi Kavu hoja yako ni nzuri na hata mi nilianza na wazo hilohilo. Kuna mtafiti aliyekuwa Idara ya Misitu ya Marekani anaitwa Jack Cohen, alilifanyia kazi swali hili miaka mingi. Kwenye majaribio yaliyofanyika kaskazini mwa Kanada miaka ya tisini mwishoni waliwasha msitu wa kweli, moto umepanda mpaka kwenye vilele, wakawa wamesimamisha kuta za mbao mbele yake kwa umbali tofauti. Ukuta uliokuwa umbali wa mita 10 ulikuwa unaweza kushika moto, wa mita 20 uliishia kubabuka kidogo, wa mita 30 haukupata kitu. Joto la msitu unaowaka ni kali sana lakini linadumu dakika moja au mbili halafu moto umekula pale umesonga. Ngozi yako haivumilii joto hilo, ubao unalivumilia.

Kwahiyo ile sehemu ya kuhangaikia inaishia kama mita 30, na ndani ya hizo 30 uzito haulingani. Mita moja na nusu ya kwanza iwe tupu kabisa, changarawe au udongo. Kuanzia hapo mpaka kama mita 9 miti inaweza kubaki ila matawi ya chini ukate, nyasi ziwe fupi, vichaka visishikane. Kuanzia hapo mpaka 30 unapunguza tu msongamano. Mita mia za ardhi tupu zitakupa mmomonyoko mvua zikirudi, na cheche inaziruka bila shida maana inapita angani.

Katafute picha za mji wa Paradise, California, ule moto wa tarehe 8 Novemba 2018, watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Mvua zilizotakiwa kuwa zimeanza zilikuwa hazijanyesha. Ziangalie vizuri zile picha, utaona nyumba imebaki majivu na msingi tu, halafu misonobari pembeni imesimama na majani yake ya kijani. Moto ulikuwa unatoka nyumba kwenda nyumba. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na pale kila nyumba ilikuwa kinga cha mwenzake.

Fundi Mapaa

Nathibitisha la paa, mi kazi yangu ni hiyo. Watu wanasafisha gata wanasahau matundu ya hewa ya darini. Yale matundu yanavuta hewa ndani, kwahiyo na cheche inavutwa ndani, na mara nyingi wavu uliopo ni wa kuzuia ndege au panya, matundu yake yanapitisha kidole. Weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Wa plastiki hapana, unayeyuka tundu linabaki wazi. Na vigae vilivyopasuka au bati lililonyanyuka ukingoni ziba kabisa, nimewahi kukuta viota vya ndege chini ya vigae, majani makavu yamejaa mpaka mkono hauingii. Hiyo inawaka kwa cheche moja ndogo kama punje ya mtama.

Mama Pacha

Shikamooni wakubwa. Mi naomba kuuliza, tunaishi pembeni ya mlima, nyumba iko juu kidogo, na chini yetu ni nyasi ndefu tupu. Mume wangu anasema sisi tuko salama kwa sababu msitu uko mbali na nyasi zinawaka haraka zinaisha. Ni kweli? Na mpira wa maji tunao, bomba lina presha nzuri tu.

Mzee Kisiki

Marahaba binti yangu. Mimi nimezima moto miaka mingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, nikujibu la mlima. Moto unapanda mlima mbio, haushuki mbio. Kanuni tunayoitumia ni kwamba kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10 basi mwendo wa moto unaongezeka mara mbili, maana miali inalala karibu na nyasi za mbele na kuzikausha kabla haijazigusa. Mteremko wa nyuzi 20 ni mara nne. Mtu mzima mwenye afya hawezi kukimbia kupanda mlima akaushinda moto wa nyasi. Mwaka 1949 kule Montana, Marekani, bonde la Mann Gulch, walikufa wazimamoto 13 kwenye mlima wa nyasi kavu, vijana wenye nguvu wamefunzwa, moto uliwafuata kutoka chini. Kiongozi wao Wagner Dodge alinusurika kwa kuwasha nyasi zilizokuwa mbele yake na kulala kwenye majivu yake mwenyewe, moto mkubwa ukampita pembeni kwa sababu pale hapakuwa tena na cha kula.

Kwahiyo mwambie mume wako kwa heshima kabisa kwamba nyasi ndefu chini ya nyumba iliyo juu ndo mahali pabaya kuliko pote. Zifyeke upande wa chini, na zifyeke mbali zaidi kuliko upande wa juu. Lakini fyekeni asubuhi mapema kungali na ubaridi, maana panga la mashine likigonga jiwe linatoa cheche na mtakuwa mmeanzisha nyie wenyewe. Maji yawe karibu, na mkimaliza msiondoke, kaeni hapo nusu saa mnaangalia.

La mpira wa maji usilitegemee sana. Siku moto ukija kila jirani atafungua bomba lake kwa pamoja na umeme unaweza kukatika, pampu zikisimama presha nayo hakuna. Jazeni madumu na mapipa mapema. Na mkiondoka msiache maji yanatiririka juu ya paa, mnawanyima wanaozima.

Majivu (mleta uzi)

Mzee shikamoo, nimefurahi sana umepita huku. Naongezea kwenye la nyasi maana ukame una mtego mmoja ambao watu hawauoni. Mvua nyingi za mwaka jana hazikusaidii mwaka huu, zinaweza hata kukuumiza, kwa sababu ndo zilizootesha hizi nyasi ndefu. Australia mwaka 1974 kuingia 1975 ziliungua zaidi ya hekta milioni 100, sehemu kubwa ni nyanda kame za katikati ya nchi ambazo kwa kawaida hazina hata cha kuungua, ila mvua kubwa zilikuwa zimetangulia nyasi zikajaa, halafu zikakauka.

Na hilo la kuanzisha wenyewe nisilipite. Marekani walipitia kumbukumbu za 1992 mpaka 2012 wakakuta 84% ya mioto ya nyika ilianzishwa na watu, radi ndo ilikuwa na ile iliyobaki. Na wengi hawakukusudia. Mtu amechoma takataka kama anavyochoma siku zote. Mtu anachomelea geti, au anakata chuma na grainda, cheche zinaruka mita kadhaa kwenye nyasi nyuma yake na yeye amevaa miwani haoni. Mtu amepaki gari kwenye nyasi ndefu, ekzosi ina moto, anakwenda zake. Moto wa takataka ambao miaka yote umekuwa hauna madhara, kwenye ukame huu ni jambo jingine kabisa, naomba sana tuache mpaka mvua zirudi, zika au tunza.

Nyasi Kavu

Sasa hapo mi ndo nachanganyikiwa, mbona kuna sehemu wanachoma nyika makusudi na inasemekana inasaidia? Wazee wa zamani nao walikuwa wanachoma.

Mzee Kisiki

Walikuwa wanachoma, na walijua wanachofanya. Siri iko kwenye wakati. Kaskazini mwa Australia wenyeji wa asili wanachoma mwanzo wa kiangazi, nyasi bado zina unyevu, upepo mdogo, moto unatambaa chini na usiku unazimika wenyewe, unaacha viraka viraka vilivyoungua. Baadae kiangazi kikikomaa moto mkubwa ukija unakuta viraka hivyo unakosa njia. Sasa mtu anakuja kuchoma katikati ya ukame anasema anafuata mila. Huyo ameshachelewa. Mwezi ulioruhusu umeshapita.

Na kitu kingine, moto wa ukame hauzimiki kwa kuonekana umezimika. Mboji na mizizi ikikauka moto unaingia ardhini. Nilizima kisiki kimoja, nikamwaga maji mpaka nikaridhika, siku ya tatu upepo ukageuka kikawaka upya na kikaanzisha mwingine hatua ishirini mbele, ulikuwa umepita kwenye mzizi. Tangu hapo nafundisha vijana: chimba, mwaga maji, koroga mpaka iwe tope, halafu weka mgongo wa kiganja karibu na udongo usikilizie joto. Kama mgongo wa mkono unasikia joto, kazi haijaisha. Kanada mioto ya 2023 mingine ilikaa chini ya ardhi kipindi chote cha baridi, theluji juu, ikaibuka tena 2024.

Mama Pacha

Asanteni sana, nimemsomea mume wangu yote kakaa kimya. Swali la mwisho jamani, tukae tulinde nyumba au tuondoke? Yeye anasema ametoa jasho miaka kumi kujenga hawezi kuiacha.

Majivu (mleta uzi)

Dada yangu, nalielewa hilo jasho, na mtu asiwabeze kwa hilo. Lakini hebu angalia wenzetu walivyokufa. Ureno, Pedrógão Grande, tarehe 17 Juni 2017, walifariki watu 66 na wengi wao walikuwa barabarani, kwenye magari, wanakimbia. Waliondoka wakati moto umeshafika. Kuondoka ukiwa umeshauona moto ndo hatari kuliko zote, moshi unafunika barabara huoni hata mkono wako, mti umeanguka mbele, gari la mbele limesimama. Na upepo unaweza kugeuka ghafla, Victoria 2009 jioni upepo uligeuka, ule ubavu mrefu wa moto ambao watu walidhani unawapita pembeni ukageuka kuwa uso.

Kwahiyo swali liwe mnaondoka saa ngapi. Siku ya upepo mkali, joto na hewa kavu, mamlaka zimetangaza hatari ya juu kabisa, we na mapacha na wazee ondokeni asubuhi hata kama anga ni jeupe na hakuna hata harufu ya moshi. Mkirudi jioni hakijatokea kitu, sawa, mmetembea. Kubalianeni leo na mume wako, si siku hiyo, maana siku hiyo mtabishana mlangoni na dakika zinakwenda. Vyeti, dawa, miwani, chaja, vyote kwenye begi moja karibu na mlango. Gari liwe na mafuta na likae limeangalia njia ya kutokea. Nguo za pamba au sufu zenye mikono mirefu, viatu vya ngozi, nguo za nailoni zinayeyukia mwilini. Kabla ya kutoka funga madirisha na milango yote, vuta mitungi ya gesi mbali na ukuta.

Na mwambie hivi: nyumba iliyoandaliwa vizuri ina nafasi kubwa ya kujisimamia yenyewe bila mtu. Ile kazi ya gata na mita moja na nusu anayoifanya wiki hii ndo ulinzi wenyewe wa lile jasho lake, akishaifanya anaweza kuondoka na roho yake ikatulia kidogo.

Fundi Mapaa

Msisahau moshi. Hata mkiwa mbali kabisa unawafuata, Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada uliigeuza anga ya New York kuwa rangi ya machungwa. Kitambaa hata ukikilowesha hakizuii zile chembe ndogo, tafuteni barakoa za N95 mapema, zinaisha madukani siku ya kwanza tu. Mwenye pumu akae chumba kimoja kilichofungwa vizuri.

Mama Pacha

Nimerudi kutoa mrejesho. Jana mume wangu kapanda juu mwenyewe bila kuambiwa, ametoa ndoo mbili na nusu kwenye gata, ya juu majani, ya chini yalikuwa unga mkavu kama ugoro. Kaniita nikaushika. Kuni tumehamisha, zulia la mlangoni nimelitoa, nyasi za chini amefyeka alfajiri na mdogo wake amekaa na ndoo za maji mpaka jua likatoka. Tumekubaliana pia siku ya kuondoka tunakwenda kwa dada yake. Imebaki uzio wa mbao, umeanzia getini umekuja mpaka umegusa ukuta wa jikoni na kuung'oa wote hatuwezi kwa sasa.

Majivu (mleta uzi)

Mpe hongera sana, na wewe pia. Uzio msiung'oe wote. Kateni kile kipande cha mwisho tu kinachogusa nyumba, mita moja na nusu, pale mahali wekeni bati au wavu wa chuma. Uzio wa mbao ukishika moto kule getini unatembea kama utambi mpaka jikoni, sasa utambi tunaukata kabla haujafika. Na chini ya hicho kipande kilichobaki zoeni majani, huwa yanajibana pale kwenye mbao na udongo. Upepo ukitangazwa kabla hamjapata bati, toeni hizo mbao mbili tatu za mwisho muondoke nazo mbali na ukuta, bati litakuja baadae.